Mguu wa Kulia wa Bwana Jumanne

Nusu ya mji ule walikuwa wanatembea kwa miguu kwa sababu ya mtu mmoja. Na ukitaka kumlaumu vizuri, usimlaumu mtu mzima, laumu mguu wake wa kulia.

Alikuwa mtahini wa udereva. Miaka kumi na tisa anakaa kiti cha abiria cha gari lilelile jeupe, ubao magotini, kalamu mbili mfukoni, nyeusi na nyekundu. Gari la mtihani lina breki mbili, moja ya anayepimwa na moja ya anayepima, na sheria haina maneno mengi: mtahini akigusa breki yake, umefeli. Hata kama dakika ishirini nzima umeendesha kama malaika. Mguu umegusa, basi. Anakuambia uegeshe pembeni, anatoa ile nyekundu, anapiga alama, halafu anakugeukia na sauti ya upole, sauti ya mtu anayetoa pole msibani:

"Umejitahidi. Rudi Jumanne."

Jumanne ndiyo ilikuwa siku ya kurudia mtihani. Kwa hiyo mji mzima ukamwita Bwana Jumanne, na jina lake la kweli likabaki kwenye kitambulisho na kwenye mdomo wa mama yake.

Cha kuchekesha, kila anayeambiwa vile, awe daktari, awe muuza karanga, anameza mate, anatazama dashibodi kama vile jibu limeandikwa pale, halafu anauliza neno lilelile: "Saa ngapi?" Na ukutani kwa ofisi, herufi kubwa kama za tangazo la soda, wameandika SAA MBILI ASUBUHI. Bwana Jumanne alikuwa akifika nyumbani anamsimulia mkewe mpaka machozi.

"Wote, mama watoto! Wote! Saa ngapi! Utadhani nimewaalika chai!"

"Mguu wako," mkewe anasema tu.

Maana mguu ule haukujua kustaafu saa kumi kama wafanyakazi wengine. Mkewe akija na sinia la chai kwa kasi kidogo, mguu unakanyaga chini ya meza, kwap! Mlango ukifunguka ghafla, kwap. Mke alikuwa mshonaji wa sare za shule, na akiendesha cherehani mumewe yuko karibu, alikuwa anamfukuza chumbani. Alisema hawezi kushona na mtu anayemfungia breki.

Lakini tuseme ukweli, jamaa alikuwa mnyoofu. Hapokei kitu. Hata soda hapokei, hata kiti akiwa amesimama. Shemeji yake mwenyewe, kinyozi, kaka wa mkewe kabisa, alimfelisha mara sita. Mara ya sita ilikuwa kwenye kurudi nyuma. Kuna koni nne pale uwanjani, unaingiza gari katikati kinyumenyume. Kinyozi akaingia safi, akazima gari, akaanza kujipongeza.

"Umegusa koni," akasema Bwana Jumanne.

"Haikugusa!"

"Imegusa."

"Shemeji, naapa kwa watoto wangu, bampa haikugusa!"

Bwana Jumanne akashuka, hana haraka, akainama, akapitisha kidole kwenye ncha ya koni, akamletea dirishani. Kwenye kidole, rangi nyeupe ya bampa, chembe tu, kama sukari iliyobaki kwenye kijiko. Kinyozi akaitazama. Akameza mate.

"Saa ngapi?" akauliza.

Sasa huyu Bwana Jumanne alikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka kumi na moja, anashindana mbio za baiskeli za BMX. Ni zile baiskeli fupi zenye usukani mrefu, mwendeshaji hakai, anasimama juu ya pedali muda wote, anaruka matuta ya udongo kama chura aliyekunywa kahawa. Wenzake walimbatiza Chupuchupu, kwa sababu kila tuta ukimwangalia unasema huyu leo anavunjika, na havunjiki.

Uwanja wenyewe ulikuwa nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Mwenye karakana alikuwa mwanamke mmoja mfupi, mabega kama kabati, ndiye kocha. Aliokota udongo mwekundu uliochimbwa kwenye msingi wa ghorofa, akaumwaga, akaushindilia, akatengeneza matuta matano na kona tatu zilizoinuliwa, na lango la kuanzia la chuma alilichomelea mwenyewe. Lango likianguka, kraa, baiskeli nane zinatoka. Kila mahali alikuwa anakwenda kwa baiskeli. Watu walidhani anapenda mazoezi. Alishafeli mara tano.

Kila mtoto, kwenye mashindano, anaruhusiwa mtu mmoja wa kuingia naye ndani. Wanamwita mtu wa lango. Kazi yake ni kumshikia kiti cha baiskeli mpaka atulie juu ya pedali, kumwambia neno la mwisho, na kumwachia. Basi. Mtu wa lango wa Chupuchupu alikuwa baba yake, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu nani angeuliza?

Tatizo, akishamwachia hatulii. Anakimbilia tuta la tatu, lile refu, anasimama pale na kuanza kutoa ishara za mikono. Kiganja chini: punguza. Vidole viwili: kaa kushoto. Mkono duara: geuka. Alizitunga mwenyewe, akazichora kwenye karatasi, akaibandika kwenye friji. Na mtoto, maskini ya Mungu, akifika tuta la tatu anageuza kichwa kumtafuta baba. Kwenye BMX ukigeuza kichwa, baiskeli inapoteza mwendo, na wenzako wanakupita wanaimba. Kila mbio Chupuchupu anaongoza mpaka tuta la tatu, halafu anamaliza wa nne.

"Anakosa nidhamu ya mwendo," Bwana Jumanne alikuwa anaeleza watu.

Siku moja kocha akamfuata, bado kavaa ile miwani myeusi ya kuchomelea, imekaa utosini.

"Mzee, mtoto wako haendeshi baiskeli. Anakutazama wewe, baiskeli inajiendea."

"Mimi nina uzoefu wa miaka kumi na tisa na watu wanaojiendea."

"Umewahi kupanda hii kitu?"

"Si lazima niwe kuku nijue yai bovu."

"Sawa," akasema kocha. "Toka nje ya ua."

Wiki iliyofuata tangazo likabandikwa kwenye geti la karakana, limeandikwa kwa rangi ya kuzuia kutu: MZAZI, PANDA NAWE. Chini yake kwa herufi ndogo: asiyeendesha mzunguko mmoja safi hasimami langoni. Safi maana yake mguu usiguse ardhi tangu lango lianguke mpaka mstari wa mwisho. Na jaji wa kila mzazi ni mtoto wake, mwenye vibendera viwili, kijani na chekundu.

Wazazi walivyosoma pale, ghafla mji mzima ukawa hospitali. Huyu mgongo, yule goti, huyu presha, yule daktari kamwambia asitikise figo. Baba mmoja mwenye duka la vioo alileta picha ya eksirei, ukiitazama vizuri unaona ni ya mkono wa mtu mwingine, wa kike, na pete. Kocha akawakusanya, akapanda juu ya tairi la lori.

"Jumamosi nzima mnasimama kwenye ua mnapayuka. Kanyaga! Ruka! Mbona umechelewa! Mtoto akianguka mnamwambia amka, si kitu. Haya. Njooni muanguke nyinyi, mimi nitawaambia si kitu."

Walicheka. Halafu mmoja akajaribu, mama wa maziwa, akaenda mita kumi akaanguka ubavu, akaamka anacheka na tope mpaka kwenye nyusi. Mwanawe wa kiume, ambaye alikuwa hata shikamoo anaitoa kwa mkopo, akamkumbatia mbele ya watu. Hapo ndipo ikawa balaa. Wazazi wana wivu, hujawaona. Mwezi haujaisha kila mmoja ana baiskeli, ana helmeti, ana magamba ya kukinga magoti, na wengine wana magamba mpaka ya sehemu ambazo BMX haijawahi kumuumiza mtu. Mwenye vioo akawa anavaa suti ya mbio kaunta. Mazoezi yao kocha aliyaweka Jumanne asubuhi, na karibu yote yalivurugika, kwa sababu nusu ya wazazi Jumanne asubuhi walikuwa kwa Bwana Jumanne, wanarudia.

Na yeye mwenyewe, kwa sababu hiyohiyo, hakufika hata siku moja.

Alidhani upepo huo utapita. Haukupita. Wiki mbili kabla ya mashindano makubwa ya mkoa, Chupuchupu akamwekea fomu mezani asubuhi, kando ya kikombe. Juu kulikuwa na jina lake, umri wake, namba ya baiskeli. Chini kulikuwa na mstari: Mtu wa lango. Juu ya mstari, kwa penseli, mwandiko wa kukazana: Baba.

"Kwa nini penseli?" akauliza Bwana Jumanne.

"Kwa sababu hujapanda."

"Na nisipopanda?"

"Kocha anakusanya fomu Jumamosi hii, baada ya mbio za wazazi." Akawa anachezea kifutio. "Mjomba keshapata kijani. Binamu alimpa wiki iliyopita."

"Mjomba wako! Kinyozi! Mtu aliyegonga koni iliyosimama!"

"Baba, mimi nataka wewe." Alisema hivyo kwa haraka, anaangalia uji. "Lakini uwe umepanda. Sitaki tena mtu ambaye hajapanda."

Bwana Jumanne akanywa chai yake yote iliyokuwa imepoa. Chini ya meza mguu ulikuwa unakanyaga, unakanyaga, hakuna hata kitu kinachokuja.

Alijiandaa vile anavyojua yeye. Hakupanda baiskeli, alisoma. Akanakili kanuni zote za kocha, ukurasa mmoja na nusu, akaupiga laminesheni, plastiki juu na chini. Akachora ramani ya uwanja, akaweka mishale. Baiskeli akaazima kwa kocha, na siku ya kwanza kuileta nyumbani akaifunga kioo cha pembeni. Chupuchupu akakifungua. Akakifunga tena. Chupuchupu akakificha kwenye kabati la mama yake, chini ya sare za shule. Akanunua viatu vipya, vyeupe pee, soli laini ya kung'ang'ania pedali. Kupanda kwenyewe alipanda mara mbili tu, uani, akizunguka kamba ya nguo, mkewe dirishani anapima kola huku anauma midomo asicheke.

"Unaendeshaje mkono mmoja umenyoosha hivyo?" mkewe akauliza.

"Natoa ishara. Nageuka kulia."

"Unampa nani ishara, hilo shuka nililoanika?"

Ijumaa akaenda kunyolewa. Mji ulikuwa na vinyozi kumi na moja, lakini ukiwa na shemeji kinyozi ukaenda kwa mwingine, kesi yake haiishi leo. Chumba kilikuwa kidogo, viti viwili, kimoja kimepasuka, redio juu ya rafu ya poda. Kinyozi akamfunga kitambaa shingoni, akakaza kidogo kuliko kawaida, akaanza kunoa wembe.

"Shemeji, nasikia kesho unapanda."

"Napanda."

"Safi sana. Inua kidevu." Wembe ukaanza kushuka. "Unajua BMX ina breki moja tu, ya mkononi. Ndogo hivi. Na mtu akiishika kwenye tuta, kwisha habari yake."

"Nimesoma. Kanuni ya saba."

"Ee, kanuni ya saba. Usitikise mguu, shemeji, nina wembe."

"Sijatikisa."

"Umetikisa."

"Sijatikisa!"

Mteja aliyekuwa anasubiri, mwenye duka la vioo, magamba ya viwiko kayavaa hukohuko, akashusha gazeti. "Ametikisa. Nimeona mimi."

"Wewe ulifeli kwa kutoona alama ya kusimama," akasema Bwana Jumanne bila kugeuza shingo.

"Na wewe kesho," akasema mwenye vioo, "nitakusimamia mbele kama hiyo alama, uione vizuri."

Kinyozi akacheka, akafuta povu. Halafu akainama, akasema chini chini, siyo kwa utani sasa: "Mimi sitaki kusimama kule langoni, shemeji. Nasimama kwa ajili ya wanangu, na yule mtoto wako anakutaka wewe. Kwa hiyo fanya kitu kimoja. Uoga ukikushika, usifanye kitu. Usifanye chochote. Hiyo ndiyo BMX yote."

"Mimi miaka kumi na tisa naogopa kila siku," akasema Bwana Jumanne, "na kila siku nimefanya kitu. Ndiyo maana uko hai."

Kinyozi akamwagia ile spiriti ya baada ya kunyoa, nyingi, na haikuwa bahati mbaya.

Jumamosi kocha alikuwa ameumwagia uwanja maji tangu alfajiri ili vumbi litulie, udongo ukawa mwekundu, unanata kama unga uliokandwa. Bwana Jumanne akaja kavaa mifuko ya plastiki juu ya viatu vyake vyeupe, ameifunga kwa mpira kwenye vifundo. Watu wakaona. Kikohozi kikawa kingi sana kwenye ua siku ile, kila mtu anakohoa kageukia pembeni.

Walikuwa wanane kwenye lango. Kinyozi alikuwepo, yeye alishapata kijani chake lakini hakosi. Mwenye vioo, mama wa maziwa, na wengine wanne. Saba kati yao walishawahi kuambiwa umejitahidi. Bwana Jumanne aliwaangalia mmoja mmoja, na kila uso akaukumbuka na kosa lake: huyu kioo, huyu taa, huyu mlima. Wao pia walikuwa wanamwangalia, ila wao wanatabasamu.

Siku ya wazazi mtoto ndiye mtu wa lango. Chupuchupu akamfungua mifuko miguuni, akaikunja, akaitia mfukoni. Akashika kiti cha baiskeli.

"Baba, panda. Mguu wa kwanza. Wa pili. Nimekushika."

"Usiachie."

"Siachii mpaka utulie. Sikiliza. Miguu ikae kwenye pedali. Hata ukiogopa."

"Sitaogopa."

"Hasa ukiogopa," akasema Chupuchupu.

Alipoona ametulia akaachia, akakimbia. Watoto wengine saba walijipanga popote walipotaka na vibendera vyao. Yeye alikwenda moja kwa moja kwenye tuta la tatu.

Kraa.

Saba wakatoka. Wa nane akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaangalia nyuma ya bega, ndipo akatoka. Ua mzima ukapiga ukunga. "Kuna gari linakuja, mzee! Lipishe!" Yeye hasikii. Kakaza taya, anakanyaga, anaweka umbali wa usalama kati yake na wa mbele, umbali wa malori mawili.

Na umbali ule, usicheke, ndio uliomwokoa. Kwenye kona ya kwanza mwenye vioo akataka kumpita kinyozi kwa ndani, akateleza, akambeba mama wa maziwa, mama wa maziwa akawabeba wanne, pakawa na rundo la magurudumu na helmeti na mtu anaita "goti langu" na mwingine anasema "hilo ni langu". Kinyozi peke yake alichomoka. Bwana Jumanne akafika, ana nafasi tele, akanyoosha mkono wa kulia, akaonyesha kwamba anapita, akapita. Alimpungia shukrani mama wa maziwa kwa kumwachia njia, naye alikuwa amelala chali.

Sasa yuko wa pili. Wa pili! Tuta la kwanza, likampandisha likamshusha, tumbo likabaki juu likamfuata baadaye. La pili, akapiga kelele kidogo, lakini miguu ipo. Kitu fulani kikaanza kumtokea usoni. Alikuwa anatabasamu, mtu yule. Walioko kwenye ua waliacha kumzomea kidogo, kama sekunde tatu hivi, kwa mshangao.

Halafu tuta la tatu.

Ukiwa umesimama kwenye ua ni tuta tu. Ukiwa juu yake, ni ukuta ambao umeamua kukufuata. Bwana Jumanne akaliona linakuja kwa kasi ambayo hakuwahi kuiruhusu katika maisha yake, na akafanya kitu ambacho hakukitegemea: akageuza kichwa, akamtafuta binti yake. Akatafuta mkono. Kiganja, vidole viwili, chochote. Chupuchupu alikuwa amesimama palepale, mikono yote miwili nyuma, na vibendera, na macho yake hayakuwa usoni kwa baba. Yalikuwa miguuni.

Na mguu wa kulia ukafanya kazi yake. Haukuuliza mtu. Ukatoka kwenye pedali, ukashuka, ukakanyaga ile breki ya mtahini, breki iliyokuwa imeegeshwa nyuma ya ofisi kwenye gari jeupe. Ncha ya kiatu ikalamba udongo, kama ulimi wa paka, ikarudi juu ya pedali. Baiskeli ikayumba, ikasimama sawa, ikapanda, ikaruka.

Akamaliza wa pili. Alivuka mstari mikono juu, karibu aanguke, akaenda kudaka nguzo ya geti na kubaki hivyo hivyo juu ya baiskeli, hataki kushuka, anataka kila mtu amwone akiwa juu. Watu walipiga makofi kweli. Hata mwenye vioo, anachechemea, alipiga.

"Wa pili!" anasema. "Siku ya kwanza! Mmeona? Shemeji, umeona?"

"Nimeona," akasema kinyozi. Lakini alikuwa anatazama nyuma yake.

Chupuchupu alikuwa anakuja polepole. Kibendera chekundu kilikuwa juu.

Kocha akaangalia kibendera, akamwangalia Bwana Jumanne, akajikuna nyuma ya sikio. "Mimi upande ule sikuona," akasema. "Hakuna mwingine aliyeona. Mzazi ana haki ya kukata rufaa. Unakata?"

"Haikugusa!" akasema Bwana Jumanne. Sauti ilitoka nyembamba. Aliisikia mwenyewe, na aliijua, aliwahi kuisikia mara elfu kupitia dirisha la gari. Lakini mdomo ulishatangulia. "Mwanangu, haikugusa. Ncha ya kiatu ilitoka kidogo, ikarudi. Kutoka siyo kugusa. Kanuni inasema kugusa!"

Chupuchupu hakubishana. Akachuchumaa kando ya baiskeli, akapitisha kidole kwenye ncha ya kile kiatu cheupe, akasimama, akamwonyesha baba yake. Tope jekundu, chembe tu.

Hakuna aliyecheka. Saba wale, na kocha wa nane, walikuwa wamesimama na mikwaruzo yao, na huwezi kuamini, kuna mmoja aliangalia chini. Kumbe kitu ukikisubiri sana, kikija hakina hata ladha.

Mtoto akatoa fomu mfukoni, akaiweka juu ya kiti cha baiskeli ya baba yake, akafuta. Alifuta taratibu, neno moja fupi, na akapuliza vile vichembe vya kifutio. Akaandika, safari hii kwa kalamu: Mjomba. Akampa kocha.

Kisha akamgeukia baba yake. Alitafuta la kusema, na katika nyumba yao la kusema kwa mambo kama hayo lilikuwa moja tu.

"Umejitahidi, baba," akasema kwa upole kabisa. "Rudi Jumanne."

Bwana Jumanne akameza mate. Akatazama usukani wa baiskeli, muda mrefu, kama vile kuna kitu kimeandikwa pale.

"Saa ngapi?" akauliza.